Majina Ndani ya Mabano: Nani Anahesabiwa katika Elimu ya Visukuku

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, watafiti wenzangu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Naomba mtazame ukutani. Nimeandika mstari mmoja tu: Giraffatitan brancai (Janensch, 1914). Huyo ni dinosaria mwenye shingo ndefu ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania ya leo, kati ya mwaka 1909 na 1913, ikasafirishwa hadi Berlin. Kiunzi chake kimesimama kule makumbushoni mpaka hivi sasa, kichwa kikiwa juu mita 13 na ushei. Wengi wenu mnamjua. Basi kwa leo mwacheni mnyama, mnitazamie yale mabano.

Werner Janensch ndiye aliyemweleza mara ya kwanza, mwaka 1914, kwa Kijerumani. Alimwita Brachiosaurus brancai kwa kuwa alimwona wa jamii moja na Brachiosaurus wa Marekani. Mwaka 1988 Gregory Paul akapendekeza jina Giraffatitan, akiliweka chini ya Brachiosaurus kama jenasi ndogo (jenasi ni kundi la spishi zilizo karibu). Mwaka 2009 Michael Taylor akailinganisha mifupa ya Marekani na ile ya Tendaguru, mmoja baada ya mwingine, akahitimisha kwamba tofauti zake zinatosha kila mnyama kuwa na jenasi yake. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinasema spishi ikihamishwa jenasi, jina la aliyeieleza kwanza halifutwi, linatiwa mabano. Kwa hiyo kila anayeandika jina la mnyama huyu kwa ukamilifu anamwandika Janensch, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa fungueni kurasa za mwisho za makala hizohizo, pale penye orodha ya marejeleo. Mara nyingi Janensch wa 1914 hamtamkuta. Ndani ametajwa, kwenye orodha hayumo. Na mitambo inayohesabu nani amerejelewa mara ngapi husoma orodha hiyo ya mwisho. Aliyetajwa katikati ya makala bila kuingizwa kwenye orodha, mtambo haumjui.

Nimekuja kuzungumzia pengo hilo. Ninachodai ni kwamba elimu ya visukuku inategemea kazi ambazo vipimo vinavyotumika kutuajiri na kutupandisha vyeo haviwezi kuziona, na kwa kuwa haviwezi kuziona, watu wanaanza kuziacha. Mengi nitakayosema ni ushahidi. Mengine nitakuwa nalalamika tu, mtanivumilia.

Tuanze na kipimo chenyewe. Eugene Garfield alitoa faharasa yake ya marejeleo ya sayansi mwaka 1964 ili kuwasaidia watu kutafuta maandiko. Ukishapata makala moja nzuri ya zamani, unaangalia nani aliitaja baadaye, unafuata njia. Kilikuwa chombo cha msomaji. Baadaye kikazaa kile kipimo cha athari cha majarida, na hesabu yake si ngumu: chukua makala ambazo jarida limechapisha katika miaka miwili iliyopita, hesabu zimetajwa mara ngapi mwaka huu, gawanya kwa idadi ya makala hizo.

Miaka miwili! Kwa anayechunguza virusi huenda ni muda mrefu. Kwetu sisi, baada ya miaka miwili kisukuku pengine bado kimo ndani ya plasta ya kukisafirishia. Fundi wa maabara anakaa nacho chini ya hadubini, akiondoa mwamba chembe kwa chembe kwa sindano, na hawezi kuharakishwa kwa sababu mfupa ukivunjika hauna mwenzake duniani. Kisha mwandishi anazunguka makumbusho mbalimbali akilinganisha kielelezo chake na vya wengine. Halafu mtafiti mwingine, ambaye ndiye atakayemrejelea, naye ana ratiba ya aina hiyohiyo. Ndiyo maana makala ya kueleza spishi huanza kutajwa kwa wingi wakati dirisha la miaka miwili limeshafungwa kitambo. Jarida linalochapisha kazi za namna hiyo linaonekana dhaifu, na mwandishi anashauriwa na wakubwa wake apeleke kazi kwingine.

Kingine ni kwamba maandishi yetu hayafi. Majina ya wanyama yanahesabiwa tangu mwaka 1758, toleo la 10 la kazi ya Linnaeus, aliyeweka mfumo huu wa majina, na chochote kilichochapishwa kihalali tangu hapo bado kina nguvu. Mnakumbuka kesi ya dinosaria Brontosaurus. Othniel Charles Marsh alitoa jina Apatosaurus mwaka 1877, na Brontosaurus mwaka 1879. Mwaka 1903 Elmer Riggs akasema hawa ni jenasi moja, na jina la zamani zaidi ndilo linaloshika, kwa hiyo Brontosaurus akazikwa, ingawa umma haukukubali kumwacha. Mwaka 2015 Emanuel Tschopp, Octávio Mateus na Roger Benson walichapisha katika PeerJ kazi ya karibu kurasa 300 wakichambua kundi zima, wakamfufua. Ili kufanya hivyo iliwabidi wamsome Marsh wa 1879 kama vile kaandika juzi. Ni fani ngapi ambamo kijitaarifa cha karne ya 19 bado kinaweza kushinda kesi?

Mwaka 2020 kampuni ya Clarivate, ambayo ndiyo hutoa vipimo vya athari, ililiondoa jarida la Zootaxa kwenye orodha yake. Sababu ilikuwa kwamba makala za Zootaxa zinarejelea mno makala nyingine za Zootaxa. Kwa mgeni hiyo inanuka udanganyifu. Lakini Zootaxa, tangu lilipoanzishwa mwaka 2001, limekuwa jarida kubwa kuliko yote kwa maelezo ya spishi mpya za wanyama. Ukieleza mjusi mpya, ndugu zake wameelezwa wapi? Humohumo. Usipowataja hujafanya kazi. Wanataksonomia, yaani wataalamu wa kuainisha viumbe, walipiga kelele duniani kote, na baada ya muda mfupi jarida likarudishwa. Kipimo chenyewe hakikubadilika.

Kuna mahali pengine ambapo majina humezwa, na hapo humezwa kwa maelfu. Jack Sepkoski wa Chuo Kikuu cha Chicago alifanya ugunduzi wake mkubwa maktabani. Alipekua machapisho ya lugha nyingi akaorodhesha familia za wanyama wa baharini waliopatikana kama visukuku, kila familia ilionekana lini na ilitoweka lini. Orodha ilitoka mwaka 1982, na mwaka huohuo yeye na David Raup wakaonyesha ile mitoweko mitano mikubwa ambayo leo imo hata kwenye vitabu vya shule. Sepkoski alifariki mwaka 1999. Orodha yake ya jenasi ikachapishwa mwaka 2002. Hizi ni kazi zilizorejelewa sana, na kwa haki kabisa. Lakini kila mstari wa orodha zile ulitoka kwa mtu aliyekaa na kombe au konokono mmoja akamchora, akampima, akamwandika.

Leo tuna Paleobiology Database, hifadhidata iliyoanza miaka ya 1990 mwishoni, yenye rekodi zaidi ya milioni moja na nusu. Kila rekodi ina chapisho lililoizaa. Mtafiti anaketi, anapakua rekodi laki moja, anachora mchoro wa miaka milioni 500 ya uhai, anaupeleka jarida kubwa. Mhariri anamwambia marejeleo yasizidi idadi fulani. Basi anarejelea hifadhidata yenyewe na makala chache za wenzake wachambuzi, na yale maelfu ya vyanzo anayasukuma kwenye kiambatisho cha mtandaoni. Viambatisho havihesabiwi. Kwa hiyo makala moja inaweza kusimama juu ya mabega ya watu elfu tatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayepata alama. Mwaka 2012 Jonathan Payne na wenzake, ambao wenyewe ni wachambuzi wa data kubwa, waliliandika jambo hili katika jarida la Taxon wakitaka utaratibu wa kurejelea ubadilishwe. Nawaheshimu kwa hilo, maana wao ndio walionufaika na utaratibu uliopo.

Nitasimama kidogo hapa, kwa sababu kuna watakaosema: hizi ni choyo za watu wa vyeo, sayansi inahusika vipi? Inahusika. Mwaka 1977 Peter Sheehan alichapisha katika jarida la Paleobiology ulinganisho uliowakera wengi. Alitazama idadi ya spishi zilizoelezwa kutoka kila kipindi cha jiolojia, akatazama na idadi ya wataalamu wanaoshughulikia kipindi hicho. Viwili hivyo vilikwenda pamoja. Penye wataalamu wengi pana spishi nyingi. Penye wachache, bahari ya kale inaonekana tupu. Swali lake lilikuwa zito: mchoro wa historia ya uhai tunaousifu, ni historia ya uhai kwa kiasi gani, na ni historia ya ajira zetu kwa kiasi gani?

Mfano wa karibu ni wa Arthur Cooper na Richard Grant. Walichukua mawe ya chokaa ya kipindi cha Permi kutoka Texas magharibi, wakayatumbukiza katika asidi. Chokaa ikayeyuka, na makombe ya brakiopodi, wanyama wa baharini wenye makombe mawili, yaliyogeuka madini ya silika yakabaki chini, na miiba yake yote, kama yaliyotoka baharini asubuhi. Kati ya mwaka 1972 na 1977 wakachapisha majuzuu sita. Sasa mtu akichora wingi wa brakiopodi kwa wakati, anakuta mlima mkubwa mahali hapo. Mlima huo umeinuliwa na uhai wa Permi, sawa, lakini umeinuliwa pia na watu wawili waliokuwa na asidi ya kutosha, uvumilivu, na taasisi iliyokuwa tayari kuchapisha majuzuu sita bila kuuliza yatatajwa mara ngapi ndani ya miaka miwili. Leo nani atawapa kazi watu hao?

Na kuna jiografia ya nani anachapisha. Uchambuzi wa Nussaïbah Raja, Emma Dunne na wenzao, uliotoka katika toleo la 2022 la Nature Ecology & Evolution, uliangalia machapisho ya miaka 30 yaliyolisha hifadhidata niliyoitaja. Asilimia 97 ya data ilitoka kwa watafiti wanaofanya kazi katika nchi za kipato cha juu na kipato cha kati cha juu. Visukuku havikutawanyika hivyo ardhini. Kwa hiyo tunaposema kwamba kundi fulani la wanyama lilianzia bara fulani, hatuna budi kujiuliza kama lilianzia huko, au huko ndiko waliko wenye ruzuku. Lugha nayo imo. Makala ya Kihispania au Kichina inasomwa na wachache, inatajwa na wachache zaidi, halafu tunaambiwa haina athari. Matthew Carrano amefanya jambo la maana kwa kusimamia mkusanyo wa mtandaoni wa tafsiri za maandishi ya zamani ya fani hii, unaopatikana bure. Mkiwa na tafsiri zenu zimelala kwenye kompyuta, mpelekeeni.

Isidhaniwe kwamba nataka tu watu watajwe zaidi. Kutaja bila kukagua nako kuna madhara yake. Vishwa Jit Gupta alichapisha mamia ya makala kuhusu visukuku vya Himalaya, nyingi akiwa na waandishi wenza wa nchi mbalimbali, na watu wakazirejelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 1989 John Talent wa Australia alionyesha katika Nature kwamba baadhi ya vielelezo hivyo havikutoka Himalaya kamwe: konodonti (vijino vya wanyama wa kale wa baharini) zilizofanana mno na za mahali pamoja huko New York, amonoidi (jamaa wa ngisi wenye makombe ya kuviringika) zenye sura ya zile zinazouzwa Morocco. Jiolojia ya safu nzima ya milima ilikuwa imechafuliwa. Wale waandishi wenza walipelekewa kielelezo kwenye bahasha, wakaeleza umbo kwa uaminifu, wakaamini walichoambiwa kuhusu kilikotoka. Idadi ya marejeleo haikuwalinda wasomaji. Iliwapa imani zaidi.

Sasa niwape kisa kinachonigusa kuliko vyote, kwa sababu kinahusu kazi nzuri iliyokaa kimya. Miaka ya 1930 Rex Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, kwenye miamba ya Manda ya kipindi cha Triasi. Kijana aitwaye Alan Charig akaifanyia tasnifu ya udaktari, akaimaliza mwaka 1956. Ndani yake alieleza wanyama kadhaa aliowapa majina, humohumo au baadaye: Nyasasaurus, Teleocrater, Mandasuchus. Lakini tasnifu si chapisho kwa mujibu wa kanuni. Majina yale yalivuja, yakaonekana hapa na pale kwenye orodha na vitabu, kila mtu akiyataja na hakuna aliyeweza kuyakagua, kwa kuwa maelezo hayakuchapishwa. Wataalamu wana neno la Kilatini kwa jina la namna hiyo, jina lililo uchi, halina maelezo ya kulifunika.

Charig alifariki mwaka 1997. Mwaka 2013 Sterling Nesbitt, Paul Barrett na wenzao walieleza rasmi Nyasasaurus parringtoni katika Biology Letters: mfupa wa mkono na pingili chache za uti wa mgongo, wa zamani kiasi cha miaka milioni 243, ambaye ama ni dinosaria wa kale kuliko wote tunaowajua ama ni ndugu wa karibu sana wa dinosaria. Mwaka 2017 Teleocrater akatoka katika Nature, na Mandasuchus naye akafuata. Na tazameni safu ya waandishi wa Nyasasaurus: jina la Charig limo, miaka 16 baada ya kifo chake. Wangeweza kumshukuru kwa sentensi moja mwishoni, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliona aliyefanya kazi ni mwandishi, akiwa hai au amekufa.

Huyo alichelewa. Kuna waliokimbia. Machi 2020 Nature ilitoa makala ya kichwa kidogo sana kilichohifadhiwa ndani ya kaharabu (utomvu wa kale uliogeuka jiwe) ya Myanmar, kikiitwa Oculudentavis khaungraae, kikisifiwa kama ndege au dinosaria mdogo kuliko wote. Kabla mwezi wa Julai haujaisha makala ilikuwa imebatilishwa na waandishi wake, kwani kielelezo kingine kilionyesha kwamba ni mjusi. Mwaka 2021 kikaelezwa rasmi kielelezo hicho cha pili, Oculudentavis naga, mjusi bila shaka. Lakini kanuni za majina hazijali kubatilishwa kwa makala. Jina lilishachapishwa, kwa hiyo linabaki, na yeyote anayeandika kuhusu mjusi yule hana budi kutaja makala iliyobatilishwa. Mtambo unahesabu. Unaweza kukosea kikundi kizima cha wanyama na bado ukaendelea kurejelewa maisha yako yote.

Kinyume chake ni Ubirajara jubatus wa Brazil. Makala yake ilitoka mtandaoni Desemba 2020 katika Cretaceous Research, ikiwa bado haijafikia umbo lake la mwisho. Wabrazil wakauliza kisukuku kimetokaje nchini, maana sheria yao ya mwaka 1942 inavifanya visukuku kuwa mali ya taifa. Makala ikaondolewa, na Juni 2023 kisukuku kikarudishwa Brazil kutoka Ujerumani. Kwa kuwa makala iliondolewa kabla ya kuchapishwa rasmi, jina lile halina pa kusimama, na sasa watu huliandika ndani ya alama za kunukuu. Hapa taratibu za uchapishaji na haki ya mwenye mali vilikutana, na kwa mara moja vikaenda upande mmoja. Kwa kaharabu ya Myanmar haikuwa hivyo. Makala zilimiminika miaka ileile ambayo migodi ilikuwa vitani, na mwaka 2017 jeshi likaitwaa. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliwaandikia wahariri kikiomba wasimamishe makala za kaharabu iliyonunuliwa tangu jeshi lilipoitwaa migodi. Kuna majarida yaliyokubali. Majarida mengine yaliendelea kupokea, na makala hizo zilitajwa vizuri tu.

Nimalizie na wale ambao hata mabano hawana.

Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso. Kilikuwa na rangi ileile ya kokoto nyeusi zilizokizunguka. Mtu mwingine angekikanyaga. Kutoka hapo kikatoka kile kiunzi cha kijana wa Turkana, namba KNM-WT 15000, mmoja wa mababu wa binadamu waliokamilika zaidi kupatikana. Makala iliyomtangaza katika Nature mwaka 1985 ina waandishi wanne: Frank Brown, John Harris, Richard Leakey na Alan Walker. Kimeu alipata heshima nyingi nyingine. Alipewa medali Marekani mwaka 1985, na jenasi ya sokwe wa kale, Kamoyapithecus, imepewa jina lake. Alifariki mwaka 2022 akijulikana duniani. Lakini kwenye faharasa ya Garfield, mtu aliyeuona mfupa ule hana makala ile.

Tendaguru nako alikuwapo Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji na fundi wa kutayarisha mifupa. Mwaka 2007 Kristian Remes alimpa heshima kwa kumwita dinosaria mmoja wa huko Australodocus bohetii. Ni tendo jema, lilichelewa karibu miaka 100, bora limefanyika. Ila tazameni linavyoandikwa: Australodocus bohetii Remes, 2007. Boheti amekuwa mnyama, Remes ndiye mwandishi. Hilo si kosa la Remes, ndivyo utaratibu ulivyo. Na si jambo la Afrika peke yake. William Conybeare alipowasilisha plesiosauri (mtambaazi wa kale wa baharini) aliyekamilika mbele ya Jumuiya ya Jiolojia ya London mwaka 1824, hakumtaja Mary Anning aliyemchimba, na Anning mwenyewe kama mwanamke asingeruhusiwa kuketi ukumbini.

Nimesikia hoja kwamba kuona si kuandika, na kwamba uandishi ni wa anayefasiri. Siikubali. Kutambua mfupa kati ya kokoto elfu za rangi moja ni kufasiri, tena kwa kasi ambayo wengi wetu hatutaifikia. Na kama jopo la mwaka 2013 liliweza kumweka Charig kwenye safu ya waandishi miaka 16 baada ya kifo chake, sioni ugumu wa kumweka mtu aliye hai, aliyesimama jirani na shimo.

Sasa maombi yangu, na nitayasema harakaharaka. Wanafunzi, mnapoieleza au kuirekebisha spishi, mwandishi wake wa kwanza aingie kwenye orodha ya marejeleo, na kabla ya kumwingiza mmemsoma, hata kama ni kwa kamusi ya Kijerumani mkononi. Andikeni namba kamili ya kielelezo kila mnapokitaja, ili makumbusho yanayokitunza yaweze kuonyesha kinavyotumika. Bila hivyo fedha za kabati na mtunzaji zinakatwa. Aliyekiona kisukuku atajwe kwa jina lake pale mnapoeleza kilivyopatikana, si kwenye shukrani peke yake. Ninyi mnaochambua data kubwa, chapisheni orodha ya vyanzo vyenu mahali ambapo mitambo inasoma, na mhariri akikataa, mwandikieni barua.

Wahariri watasema orodha zitakuwa ndefu mno. Zitakuwa ndefu. Jarida la mtandaoni halinunui karatasi, na zile kurasa karibu 300 za Brontosaurus hazikumdhuru mtu. Na kwa wanaoketi kwenye kamati za kupandisha watu vyeo, wachache wenu mmo humu: mkipokea faili la mtu aliyetumia miaka minane kueleza kundi moja la brakiopodi, fungueni michoro yake kabla ya kufungua jedwali la marejeleo. Nusu saa inatosha kujua kama anaijua kazi.

Mwenyekiti, nimekula dakika zako. Maswali nayapokea, tuanze na wale wa nyuma.